Mwanangu, bendera na jirani zangu Wamormoni: jibu kwa mama wa Salt Lake City

"Mtaalamu, salamu. Sisi ni familia ya Kipentekoste kutoka Kivu Kusini. Tulikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, na huu ni mwaka wa 3 tunaishi Salt Lake City. Mwanangu wa miaka 9 kila asubuhi shuleni husimama, huweka mkono kifuani na kuiapia bendera, na ndani ya kiapo hicho Mungu anatajwa. Mchungaji wetu anasema hiyo ni ibada ya sanamu, tena anasema lile jicho lililo kwenye noti ya dola ni la Freemason. Jirani zetu ni Wamormoni. Siku tulipofika walituletea chakula na viti, na sasa vijana wao wawili wanakuja kutufundisha dini, mmoja anajua Kiswahili. Mwezi wa saba hapa kuna sikukuu mbili, moja ya nchi na nyingine yao. Nilidhani nimekuja nchi ya Kikristo, sasa sijui niko wapi. Je, nimkataze mwanangu kuapa? Akikataa atafukuzwa shule, au sisi tutanyimwa uraia? Na hizi dini zilizozaliwa hapa hapa Marekani, ni za Mungu au ni za uongo?"

Mama, amani iwe nawe. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, na naona kwamba chini ya maswali yako yote ipo hofu moja: kwamba mtoto wako anachukuliwa polepole, kwa desturi na kwa ukarimu, na kitu ambacho wewe mwenyewe hujakijua jina lake. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Nimefundisha historia ya dini kwa muda mrefu, na wazazi wengi waliohamia Marekani wameniuliza maswali yanayofanana na yako. Mara nyingi wanaogopa jambo lisilo na madhara, na lile linalostahili kuangaliwa kwa makini linawapita.

Nianze na la haraka, ili upate usingizi. Mwanao akinyamaza wakati wa kiapo, shule ya serikali haiwezi kumfukuza wala kumwadhibu. Haki hiyo ilitolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 14 Juni 1943, na bado ni sheria. Haibagui raia na mgeni, kwa kuwa inawahusu wanafunzi wote wa shule za serikali, ingawa shule za binafsi zina taratibu zao. Nitakueleza haki hiyo ilivyopatikana, maana historia yake inajibu pia swali lako la mwisho, lile la dini zilizozaliwa hapo.

Katika miaka ya 1930 watoto wa Mashahidi wa Yehova walianza kukataa kuisalimu bendera. Sababu yao ilikuwa ile ile ya mchungaji wako: walisoma katika Danieli sura ya 3 jinsi Shadraka, Meshaki na Abednego walivyokataa kuisujudia sanamu ya mfalme, wakaona kwamba salamu ya bendera ni kusujudu kwa namna nyingine. Watoto wawili wa mji mdogo wa Minersville, Pennsylvania, walifukuzwa shule mwaka 1935, na kesi yao ikafika Mahakama ya Juu. Mwaka 1940 walishindwa vibaya, majaji 8 dhidi ya 1. Baada ya hukumu hiyo watu walijichukulia sheria mkononi: Mashahidi walipigwa katika miji mingi, na huko Kennebunk, Maine, ukumbi wao ulichomwa moto. Miaka mitatu tu baadaye, vita vya dunia vikiendelea na uzalendo ukiwa umepanda juu, mahakama hiyo hiyo ilijisahihisha katika kesi iliyotoka West Virginia. Majaji 6 dhidi ya 3 waliamua kwamba serikali haiwezi kumlazimisha mtu kukiri kwa kinywa asichokiamini. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba hakuna afisa, awe mkubwa au mdogo, mwenye mamlaka ya kuamua ni imani gani iliyo sahihi katika siasa, katika uzalendo au katika dini. Kwa hiyo ukimya wa mwanao unalindwa leo kwa sababu ya watu wa dini ndogo iliyozaliwa hapo hapo Marekani, ambayo majirani wengi waliichukia na kuiita ya uongo. Lishike hilo moyoni tunapoendelea.

Sasa niseme juu ya mambo mawili ambayo umeyasikia sivyo. La kwanza ni hilo la nchi ya Kikristo. Wakristo ni wengi Marekani, lakini dola yenyewe haikuundwa kuwa ya Kikristo. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 haimwombi Mungu wala haimtaji kuwa chanzo cha mamlaka, na kifungu chake cha 6 kinakataza kumpima mtu kwa dini yake kabla ya kumpa cheo cha umma. Mwaka 1791 yakaongezwa Marekebisho ya Kwanza, yanayolizuia Bunge kuanzisha dini ya taifa na kulizuia vilevile kuzuia watu kuabudu. Ndiyo maana mwalimu wa shule ya serikali haruhusiwi kuongoza sala darasani. Mahakama ya Juu ililikataza hilo mwaka 1962.

Utaniuliza, basi Mungu amefikaje kwenye kiapo cha bendera na kwenye pesa? Ameingizwa baadaye, kwa vipindi, na ukiviangalia vipindi hivyo utaona kwamba ni nyakati za vita na hofu. Maneno ya kumtumaini Mungu yaliwekwa kwenye sarafu ya senti 2 mwaka 1864, wakati Wamarekani walipokuwa wakiuana wenyewe kwa wenyewe. Ahadi ya bendera iliandikwa mwaka 1892 na Francis Bellamy, ambaye alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na hata hivyo hakumtaja Mungu ndani yake. Jina la Mungu liliongezwa mwaka 1954, katika miaka ya uhasama na Umoja wa Kisovyeti, ili kuitofautisha Marekani na Wakomunisti waliomkana Mungu. Rais Eisenhower aliitia saini sheria hiyo tarehe 14 Juni, siku ya bendera, ambayo ndiyo tarehe ile ile ya hukumu ya mwaka 1943. Miaka miwili baadaye maneno ya kwenye sarafu yakafanywa kaulimbiu rasmi ya taifa. Kwa hiyo neno linalokusumbua si la waasisi wa nchi hiyo. Wapo vikongwe hai Marekani ambao walipoanza shule hawakulisema.

La pili ni jicho. Jicho lililo juu ya piramidi ni sehemu ya upande wa nyuma wa muhuri mkuu wa taifa, uliopitishwa tarehe 20 Juni 1782, na kwenye noti ya dola 1 lilianza kuonekana mwaka 1935. Jicho ndani ya pembetatu ni alama ya zamani ya Wakristo wa Ulaya, yenye maana ya Mungu anayeona na kutunza, na waliouchora muhuri huo waliitumia kwa maana hiyo. Juu yake kuna maneno ya Kilatini yanayosema kwamba ameyaridhia tuliyoyaanza. Nakuomba uyatafakari maneno hayo kwa muda, kwa sababu yanafundisha zaidi kuliko uvumi wa Freemason. Ni nani huyo aliyeridhia? Hatajwi. Si Yesu, si Mwenyezi Mungu wa Kurani, si Mungu wa sinagogi, ila ni Mungu anayeijua Marekani na kupendezwa nayo. Hapo ndipo tunapoingia kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 1967 mwanasosholojia Robert Bellah aliandika kwamba Marekani, kando ya makanisa, masinagogi na misikiti yake, ina dini nyingine ya pamoja ambayo haina askofu wala ubatizo. Aliiita dini ya kiraia, akilichukua neno hilo kutoka kwa mwanafalsafa Rousseau, aliyelitumia mwaka 1762. Bellah alianza na hotuba ambayo Kennedy aliitoa alipoapishwa mwaka 1961: rais Mkatoliki, ambaye alimtaja Mungu na hakumtaja Kristo hata mara moja. Kama mtu binafsi alikuwa na kanisa lake. Kama rais alizungumza lugha nyingine ya imani, inayoweza kuitikiwa na Mprotestanti, Mkatoliki na Myahudi bila yeyote kuona ameachwa nje.

Dini hii ina kila kitu utakachokitafuta katika dini, isipokuwa wokovu wa nafsi. Maandiko yake ni Tangazo la Uhuru la mwaka 1776 na Katiba, ambayo nakala zake za asili zimewekwa katika jumba la Washington ambako watu husafiri kwenda kuzitazama. Siku zake ni Julai 4, siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, na Sikukuu ya Shukrani, iliyotangazwa na Rais Lincoln mwaka 1863 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Chini ya kuba la Bunge kuna mchoro wa mwaka 1865 unaomwonyesha George Washington akipaa mbinguni akizungukwa na wanawali na miungu ya kike ya kale. Shahidi wake mkubwa ni Lincoln mwenyewe. Alipigwa risasi siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili 1865, akafa kesho yake, na Jumapili ya Pasaka wahubiri wakasimama mimbarani kumlinganisha na Kristo aliyekufa kwa ajili ya watu wake. Jengo la kumbukumbu yake lilifunguliwa mwaka 1922, na maandishi yaliyochongwa juu ya sanamu yake yanaliita jengo hilo hekalu.

Usidhani kwamba jambo hili ni la Wamarekani peke yao. Ulipokuwa Kigoma huenda uliwasikia watoto wa Kitanzania wakiimba wimbo wa taifa, ambao tangu mstari wa kwanza ni dua, na huenda uliona Mwenge wa Uhuru ukipita wilaya kwa wilaya, ukipokelewa na kukabidhiwa kwa utaratibu unaofanana na ibada. Wimbo wa taifa wa Kenya nao ni sala. Muislamu na Mkristo husimama pamoja wakauimba, na hakuna anayedhani ameacha dini yake. Tofauti ni kwamba sisi tuliozaliwa ndani ya desturi hizi hatuzioni, na za jirani tunaziona mara moja kwa sababu ni ngeni machoni.

Je, ni ibada ya sanamu? Nitakupa maoni yangu kwa uwazi. Ahadi ya bendera, kama inavyosemwa shuleni, si ibada. Hakuna anayeiomba bendera chochote, hakuna anayeahidiwa mbingu kwa ajili yake, na hata kwa jina ni ahadi ya utii, si kiapo cha kumfanya Mungu shahidi kama kile cha mahakamani. Lakini mchungaji wako hakosei kuhisi hatari, ila tu ameielekeza mahali pasipo pake. Hatari ya dini ya kiraia ipo pale taifa linapoacha kusimama mbele ya Mungu na kuanza kusimama mahali pake, mtu akaambiwa kwamba kuikosoa serikali ni kumkosea Mungu, au kwamba Mkristo wa kweli ni yule wa chama fulani. Mahubiri ya namna hiyo yapo Marekani leo, katika makanisa mengine ambayo kwa kila kitu kingine utayaona yanafanana na lako, na ningependa uyaogope hayo kuliko sekunde 15 za asubuhi darasani.

Na bado dini hiyo hiyo ya kiraia imekuwa fimbo ya kulichapa taifa. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alialikwa Rochester mwaka 1852 kuhutubia sherehe za uhuru, akakubali kuzungumza tarehe 5 Julai, akawauliza wenyeji wake sikukuu yao ina maana gani kwa mtumwa. Lincoln, alipoapishwa kwa mara ya pili tarehe 4 Machi 1865, hakusema kwamba Mungu yuko upande wake. Alisema kwamba pande zote mbili zinasoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja, kila upande ukitaka usaidiwe dhidi ya mwingine, na kwamba huenda vita vyenyewe ni hukumu ya Mungu kwa taifa zima kwa sababu ya dhambi ya utumwa. Tarehe 28 Agosti 1963 Martin Luther King alisimama kwenye ngazi za lile jengo la Lincoln akadai ahadi za Tangazo la Uhuru kama mtu anayedai deni lenye hati. Watu hawa walimtumia yule Mungu asiye na jina kulikumbusha taifa ahadi zake. Mwanao akifundishwa historia hiyo vizuri, ile ahadi ya asubuhi itakuwa na uzito wa namna nyingine kinywani mwake.

Sasa nije kwa jirani zako. Kwa nini dini nyingi namna hii zilizaliwa Marekani? Sababu kubwa ni ile Katiba niliyoitaja. Ulaya ya wakati huo, kanisa lililokuwa na mfalme nyuma yake lilikuwa na mashamba, kodi na mahakama. Mhubiri mpya alikuwa mhalifu. Marekani, majimbo yaliacha kuyagharimia makanisa rasmi moja baada ya jingine, Connecticut mwaka 1818 na Massachusetts ya mwisho mwaka 1833, na kuanzia hapo kila kanisa lilipaswa kuishi kwa waumini litakaowapata. Mkulima asiye na elimu ya chuo aliweza kuifungua Biblia, akasema Mungu amenionyesha jambo, na hakuna askari aliyekuja kumkamata. Magharibi mwa jimbo la New York, ambako mfereji wa Erie uliofunguliwa mwaka 1825 ulileta biashara na wahamiaji wengi kwa ghafla, mahubiri ya uamsho yalipita mara nyingi hata eneo hilo likaitwa nchi iliyoungua.

Hapo ndipo Joseph Smith alipokulia, karibu na Palmyra. Alisema kwamba malaika alimwonyesha mabamba ya dhahabu, akatoa Kitabu cha Mormoni, na tarehe 6 Aprili 1830 akaanzisha kanisa ambalo leo linaitwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Kati ya dini zote zilizozaliwa Marekani, hii ndiyo iliyoipa nchi hiyo nafasi kubwa kuliko zote katika mpango wa Mungu. Inafundisha kwamba Kristo baada ya kufufuka aliwatembelea wakazi wa kale wa Amerika, kwamba Yerusalemu Mpya itajengwa katika bara hilo, na kwamba Mungu mwenyewe aliwainua watu wenye hekima kuiandika Katiba. Unaona kwamba kile ambacho muhuri wa taifa unakidokeza kwa Kilatini, wao wamekifanya fundisho.

Na nchi waliyoitukuza hivyo iliwatesa. Mwaka 1838 gavana wa Missouri alitoa amri ya kuwaangamiza au kuwafukuza. Tarehe 27 Juni 1844 Joseph Smith na ndugu yake Hyrum waliuawa na kundi la watu wenye silaha, wakiwa mahabusu huko Carthage, Illinois. Wafuasi wengi waliondoka chini ya Brigham Young, wakivuka nyanda na milima kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, na tarehe 24 Julai 1847 kiongozi wao aliingia katika bonde unaloishi wewe leo, ambalo wakati ule lilikuwa bado la Meksiko. Hiyo ndiyo sikukuu ya pili unayoiona mwezi wa saba: ni kumbukumbu ya wakimbizi waliofika mahali ambapo hawatafukuzwa tena. Nadhani wewe, kuliko wakazi wengi wa mji huo, unaweza kuielewa, na huenda ndiyo sababu mojawapo ya vile viti na kile chakula.

Mgogoro wao na serikali haukuishia hapo. Ndoa za wake wengi, walizozitangaza hadharani mwaka 1852, ziliwapeleka mahakamani, na mwaka 1879 Mahakama ya Juu iliamua kwamba uhuru wa dini unalinda imani yote lakini haulindi kila tendo. Mwaka 1890 rais wa kanisa alitangaza kuziacha, na Utah ikakubaliwa kuwa jimbo mwaka 1896. Vikundi vidogo vilivyojitenga bado vinaoa wake wengi, lakini kanisa la jirani zako humtenga mwanachama anayefanya hivyo. Lipo jambo jingine ambalo mama wa Kiafrika anastahili kuambiwa: hadi mwaka 1978 kanisa hilo halikuwapa ukuhani wanaume wenye asili ya Afrika. Tangu hapo limeenea sana barani kwetu, na mwaka 2019 liliweka wakfu hekalu Kinshasa.

Za nyingine nizitaje kwa ufupi, ili uone zilivyotofautiana katika kuitazama nchi iliyozizaa. Waadventista Wasabato walitokana na watu waliomngoja Kristo arudi tarehe 22 Oktoba 1844 wakavunjika moyo. Wakajipanga kuwa kanisa mwaka 1863 huko Battle Creek, Michigan, na mwaka 1903 walikuwa wamekwisha kufika milima ya Upare. Wao wanamsoma yule mnyama wa Ufunuo sura ya 13, mwenye pembe kama za mwanakondoo na sauti ya joka, kuwa ni Marekani: nchi iliyoanza kwa upole na uhuru, na ambayo siku moja italazimisha ibada. Ndiyo maana mswada wa kuifanya Jumapili kuwa siku ya mapumziko kwa sheria ulipoletwa katika Seneti mwaka 1888, walikwenda kuupinga. Mashahidi wa Yehova, waliotokana na kundi la wanafunzi wa Biblia wa Charles Taze Russell huko Pittsburgh, hawaapi utii kwa serikali yoyote. Taifa la Uislamu, lililoanzishwa Detroit mwaka 1930, liliwaambia watu weusi kwamba ile ahadi ya bendera haikuwahi kuwa yao. Muhammad Ali, bondia ambaye Kinshasa ilimshangilia mwaka 1974, alikataa kwenda vita vya Vietnam mwaka 1967 akiwa mfuasi wa kundi hilo, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikampa haki.

Na lipo kanisa jingine, Mama, ambalo hukulitaja. Mwezi wa Aprili 1906 William Seymour, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, alianza mikutano katika jengo chakavu la mtaa wa Azusa, Los Angeles, ambamo weusi na weupe walisali pamoja na kunena kwa lugha, jambo lililowashangaza na kuwachukiza waandishi wa magazeti ya mji. Habari zake zilimfikia mhubiri wa Norwei, T. B. Barratt, aliyekuwa New York mwaka huo, naye akaipeleka imani hiyo Oslo. Kutoka kwake ikaingia Uswidi. Na katika miaka ya 1920 wamisionari wa Uswidi na Norwei wakaileta Kivu Kusini. Kanisa lililokulea lina bibi yake Marekani. Lilipozaliwa liliitwa wazimu na wenye makanisa makubwa.

Sisemi hivyo ili kukuambia kwamba dini zote ni sawa. Hazifanani, na ni haki yako kujua tofauti kabla ya kuketi na wale vijana. Wanaposema wanamwamini Yesu Kristo, wanamaanisha wanachosema. Lakini wanafundisha kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa na kwamba ni nafsi tofauti kabisa na Mwana. Wana maandiko mengine pamoja na Biblia. Wanamwona kiongozi wao kuwa nabii aliye hai. Na wanabatiza kwa niaba ya wafu. Kwa sababu hizo makanisa mengi, likiwemo la Katoliki tangu mwaka 2001, hayautambui ubatizo wao, nao hawautambui wako. Kama mwanahistoria naweza kukuonyesha mahali imani ilipozaliwa na jinsi ilivyokua. Kama imetoka kwa Mungu au la, hilo hutalipata katika tarehe zangu. Ni la wewe, Biblia yako na mchungaji wako.

Nikushauri hivi. Ukarimu wa jirani upokee na uurudishe kwa ukarimu, kwa sahani ya sambusa ikibidi, maana kiti si ubatizo. Vijana wale wametumwa kufundisha ili mtu abatizwe, na hawalifichi lengo hilo ukiwauliza. Unaweza kuwaambia kwa upole kwamba mnapenda urafiki na hamhitaji masomo, nao wamezoea kusikia hivyo. Jambo la kuangalia ni umri wa mwanao: wao hubatiza watoto kuanzia miaka 8, lakini taratibu zao wenyewe zinadai ruhusa ya mzazi. Sema wazi kwamba asifundishwe ukiwa haupo. Atakapofika sekondari, atawaona wenzake wakitoka darasani kipindi kimoja kwenda kwenye jengo la jirani kusoma dini yao. Hilo nalo halifanyiki bila idhini yako.

Kuhusu ahadi ya bendera, anaweza kuisema yote, anaweza kusimama kwa heshima na kulinyamazia neno linalomsumbua au kunyamaza kabisa, na anaweza kubaki ameketi. Kwa mtoto wa miaka 9 ambaye bado anatafuta marafiki, mimi ningechagua kumwacha aiseme, nikimweleza nyumbani kwamba utii kwa nchi una mpaka, na mpaka huo ni Mungu. Dhamiri yako ikikataa, usimtume mtoto kubeba vita peke yake. Mwandikie mwalimu barua fupi, useme kwamba kwa sababu za dini mwanao hatashiriki, kisha umwulize mtoto baada ya wiki mbili anaendeleaje.

Uraia haumo hatarini. Baada ya miaka 5 ya ukaazi utaweza kuomba, na wakati huo wewe mwenyewe utatakiwa kula kiapo. Maneno ya mwisho ya kumwomba Mungu asaidie unaruhusiwa kuyaacha ukieleza sababu, na kama imani yako inakukataza kushika silaha, sehemu hiyo pia hubadilishwa. Mlango huo ulifunguliwa na Mwadventista Msabato kutoka Kanada, James Girouard, ambaye Mahakama ya Juu ilimkubalia mwaka 1946 kuwa raia bila kuahidi kubeba bunduki. Mlete mchungaji wako kwenye habari hiyo. Nina hakika itamgusa.

Yapo mambo ambayo barua yangu haitoshi. Mwalimu akimwadhibu mtoto, akimtoa nje au kumwaibisha kwa sababu ya kunyamaza, usibishane naye mlangoni. Nenda na mfanyakazi wa shirika lililowapokea, mkamwone mkuu wa shule mkiwa na mkalimani, na wakikataa tafuteni ofisi ya msaada wa sheria. Fomu ya uraia isijazwe na rafiki mwenye nia njema, kwa kuwa kuna maswali ya viapo, vyama na silaha yanayohitaji mwanasheria wa uhamiaji au mtu aliyeidhinishwa. Na kundi lolote la dini, jipya au la zamani, la Kimarekani au la kwetu, likianza kukutenga na ndugu zako, kukudai fedha kwa vitisho, kumzuia mtoto asipelekwe hospitali, au kutaka kukaa naye faraghani, usisubiri kuniandikia. Mwone mshauri wa shule au daktari wa mtoto siku hiyo hiyo. Kazi yao inawataka walichukulie jambo kama hilo kwa uzito, na huduma ya mkalimani unapaswa kuipata bila malipo.